Nimeacha fegi, mdomo umegoma

Siku ya 9 bila fegi. Saa kumi na nusu alfajiri, Uyole, Mbeya, mwezi wa sita, baridi ile ambayo ukigusa usukani mkono unaruka wenyewe. Nimewasha haisi iungurume ipate joto, afu nimewasha tochi ya simu, nimevuta mdomo wa chini mbele ya kioo cha ndani nahesabu. Vitano. Vitatu mdomoni kwa ndani, kimoja chini ya ulimi, kimoja shavuni pale jino la mwisho linapogusa. Vidogo tu kama punje ya mchele, katikati vyeupe pembeni vyekundu, lakini chai ikivigusa unaita ukoo mzima.

Miaka 17 nimevuta, sijawahi kuota kidonda mdomoni hata kimoja. Naacha siku 9, vitano. We ungefikiria nini? Mi nilifikiria kile kile anachofikiria kila mvutaji, kwamba kumbe sigara ilikuwa inanilinda bana.

Nianze kidogo nyuma. Mi ni dereva, ruti yangu Uyole–Mbalizi, Sae, Mama John, Mwanjelwa, Mafiati, Iyunga, kutwa nzima huko huko. Fegi nilianza nikiwa na miaka 19, nlikua utingo wa lori la Tunduma, na anayeijua foleni ya mpakani anajua kwamba pale mtu unaanza kuvuta ili usiku upite tu. Nikatoka kwenye malori, fegi haikutoka. Nilikuwa nafika 12 mpaka 15 kwa siku, nanunua moja moja dirishani kwa mangi kwa hiyo nilikuwa najiambia sivuti sana maana sinunui pakiti, hesabu ya kijinga kabisa lakini ndo tunavyojidanganya. Na huku kanisani naimba sauti ya nne. Besi. Ile besi ya chini inayotetemesha benchi. Nlikua natafuna bigijii nusu saa kabla ya mazoezi, nasimama nyuma kabisa, kila mtu anajua na hakuna anayesema.

Sababu ya kuacha sitaisimulia sana. Binti yangu wa miaka 6 alikuwa anaigiza baba, kaweka kalamu mdomoni, kafinya jicho moja, akapuliza, afu akakohoa. Kikohozi ndo alipatia mno, kile cha asubuhi, cha kuinama. Wenzake wakacheka. Jumatatu yake nikaacha.

Arosto ya siku tatu za kwanza wote tunaijua, hasira, usingizi hamna, mikono haina kazi, konda nilimfokea kwa chenji ambayo wala hakuikosea. Hapo sikai. Hapo nlishajiandaa. Ambacho sikujiandaa nacho ni mdomo na koo, maana onyo la kwenye pakiti linasema kuvuta ni hatari, halisemi ukiacha utakutana na nini wiki ya pili. Na wiki ya pili ndo watu wengi wanarudi, mi nasema hivyo kwa niliowaona kijiweni.

Basi ushauri ukaanza kumiminika. Konda wangu: "Braza hiyo sumu inatoka, iache itoke." Mama ntilie wa stendi akasema ni upungufu wa vitamini, nile matembele na maparachichi, nikala maparachichi ya Rungwe mpaka nikachoka na vidonda vipo pale pale. Mama yangu akapiga simu kutoka Tukuyu, shikamoo yangu hata hajaimaliza kuiitikia, "Mwanangu, chukua ndimu na chumvi usugue". Nikasugua. Naomba nisiseme kilichotokea, ila jirani aligonga mlango kuuliza kuna usalama. Duka moja la dawa wakaniuzia amoksisilini na ile dawa ya zambarau ya kupaka, Jumapili nikasimama kwaya mdomo wote zambarau kama mtoto aliyekula zambarau za watu. Hela ikaenda, vidonda vikabaki.

Siku ya 11 nikanunua moja. Nasema ukweli. Nilikuwa nimegeuza gari Mbalizi, nasubiri abiria, nikajiambia kama sigara ndo ilikuwa dawa basi ngoja nijitibu. Pafu mbili. Moshi ulipopita juu ya vile vidonda nikaona kama nimemeza kaa la moto, nikaitupa. Kwa hiyo wanaohesabu siku, yangu ya 11 itoeni.

Sasa kuna jambo ambalo kwa msomaji wa Dar au Tanga huenda asilielewe haraka. Huku kwetu ukionekana na vidonda mdomoni, unakohoa, na suruali imelegea kidogo (nilipungua mwanzoni kwa sababu kula ilikuwa inauma, baadae niliongezeka na kuvuka mipaka), watu hawawazi vitamini. Wanawaza ngoma, yaani ukimwi. Na hawawazi kutoka hewani, ule utafiti wa taifa wa 2022–2023 ulikuta watu wazima wenye maambukizi Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, ndo mikoa mitatu ya juu kabisa nchini, kila mtu huku ameshazika mtu au anaye wa kwake anayekunywa dawa. Fangasi mdomoni, ule utando mweupe, kila mama wa mtaani anaujua. Kwa hiyo mimi kule stendi nlishageuka habari. Mwenzangu mmoja wa ruti aliacha kunywa maji kwenye chupa yangu, hivi hivi, bila kusema.

Mke wangu alikaa kimya siku mbili. Ya tatu usiku akaniambia, "Baba, kesho usipeleke gari. Twende tukapime wote." Hakuuliza kitu kingine. Nilitaka kukasirika nikaona sina pa kuanzia.

Tukaenda zahanati. Tukapima wote, tuko salama. Na kwa sababu nilikuwa nakohoa wakanipa kikopo cha makohozi, wapime TB, hiyo bure kwenye vituo vya serikali na kikohozi kikifika wiki mbili wanakupima hata kama we mwenyewe unajua unakohoa nini. Nayo ikatoka safi. Ndo yule daktari, kijana mdogo tu kwangu, akanimulika mdomoni akauliza:

"Kaka, unavuta?"

"Nimeacha."

"Lini?"

"Inaenda wiki mbili."

Akazima tochi, akatabasamu. "Basi hivi ni vya kuacha. Vumilia."

Nikamwambia dokta mi sielewi, naacha kitu kibaya naumwa? Akachukua mkono wangu akaugeuza kiganja. Mi nlilima viazi Isongole utotoni, sugu zipo mpaka leo. Akasema moshi ule wa moto na kemikali zake, kila siku, miaka yote hiyo, ngozi laini ya ndani ya mdomo inakuwa nene na ngumu, kama kiganja cha mshika jembe. Ukiacha, inaanza kurudi kuwa laini kama ilivyoumbwa, na huku jino linakwaruza, mswaki unakwaruza, ukoko wa ugali unakwaruza, na mwili wenyewe uko kwenye presha ya kukosa nikotini. Vidonda vinatokea. Akasema wenzangu ni wengi tu, waliofuatiliwa kwenye utafiti huko nje karibu wawili kati ya kila watano walipata vidonda wiki mbili za mwanzo, wengi vya kawaida, na wengi vinaisha ndani ya mwezi. Amoksisilini haina kazi pale kwa sababu sio bakteria aliyekutoboa.

Kwa hiyo kulinda kulikuwepo, kwa maana ile ile ambayo sugu inalinda kiganja. Nilicheka peke yangu njiani. Mke wangu akauliza nacheka nini, nikamwambia nimeambiwa mdomo wangu ulikuwa kisigino.

Alichonipa cha kufanya ni cha bure nyumbani. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua, tema, mara tatu nne kwa siku hasa baada ya kula. Chai ipoe kwanza. Pilipili, ndimu, nanasi, achari, weka pembeni (mama samahani). Mswaki laini. Na dawa ya meno yenye povu jingi inachokoza vidonda kwa baadhi ya watu, mi nilibadilisha na niliona afadhali, huenda ni muda tu ulikuwa umefika sijui, ila niliona afadhali. Kufikia wiki ya nne vimebaki viwili, ya tano hamna kitu.

Ila usidhani hapo koo lilikuwa limekaa likiangalia.

Kikohozi kwanza. Nilipokuwa navuta nlikua nakohoa asubuhi tu, nikivuta ya kwanza kinatulia, na hilo nalo nikaliona ni dawa. Nilipoacha, wiki ya pili mpaka ya nne, nakohoa mchana, nakohoa usiku, na vinavyotoka vina rangi ya chai ya rangi, vingine vyeusi vyeusi kama masizi ya jikoni. Hapa nikaelewa baadae. Kwenye njia ya hewa kuna vinywele vidogo sana visivyoonekana kwa macho, kazi yake ni kufagia, vinasukuma makamasi na vumbi kwenda juu mpaka kooni umeze au uteme. Moshi unavilaza, vingine unavikata kabisa. Kile kikohozi cha asubuhi ilikuwa ni vile vilivyobaki vinajaribu kuamka usiku ukiwa hujavuta, na fegi ya kwanza inavipiga kofi vilale tena, ndo maana unaona "kimetulia". Sasa siku hamna fegi, vyote vinaamka, na uchafu wa miaka 17 upo pale unawasubiri wafagiaji. Lazima vumbi litimke.

Afu baridi ya Mbeya haisaidii. Mwezi wa sita na wa saba upepo mkavu, abiria wamefunga vioo vyote, ukikohoa ndani ya haisi yenye watu 18 unaona mabega yanavyogeuka dirishani. Nlikua naweka chupa ya maji ya moto pembeni, nakunywa kidogo kidogo, asali kijiko usiku. Kwangu kilichukua kama miezi miwili kuisha kabisa. Na ile ya kupima TB narudia, usiseme "ni cha kuacha" ukakaa nacho. Mi nilikuwa na sababu yangu ya kukohoa na bado nilipima, vyote viwili vinaweza kukaa kwenye kifua kimoja. Ukikohoa damu, homa za jioni, jasho la usiku, hiyo hata wiki mbili usisubiri.

Cha pili ni kile kitu kooni. Wengine wanakiita tonge, mi nlikua nahisi kama nimemeza punje ya hindi bovu imekwama pale kati, nameza mate haishuki, nameza tena, siku nzima nameza hewa. Hiki ndo kiliniogopesha kuliko vidonda. Nlikua nalala naishika shingo.

Sababu ya kuogopa ni baba mdogo. Yeye alikuwa na shamba la tumbaku Chunya, mabani mawili ya kukaushia, na alivuta tangu ujana, tena alikuwa anasokota mwenyewe ya kwake. Alikuwa na kidonda pembeni ya ulimi. Hakikuwa kinamuuma, ndo alichokuwa anatuambia, "si hakiumi". Miezi ikapita hakiumi na hakiponi, baadae likatoka tezi shingoni gumu, baadae ndo kikaanza kuuma na sikio upande ule ule. Alipopelekwa Ocean Road, hospitali ya kansa Dar, muda ulikuwa umekwenda. Kwa hiyo nilivyorudi kwa yule daktari na tonge langu nilikuwa nimeshajizika.

Akaniuliza maswali ambayo mpaka leo nayakumbuka. Ugali unapita? Unapita. Maji? Yanapita. Ukila kinazidi au kinapotea? Nikafikiria, kweli, nikiwa nakula kinapotea kabisa, kinarudi nikikaa bure. Akapapasa shingo, akaangalia chini ya ulimi na pembeni zote, akaniuliza usiku nakula nini. Hapo sasa. Usiku nlikua nakula karanga, chipsi mayai saa nne, chapati mbili na chai, kwa sababu mdomo ulikuwa unadai kitu cha kufanya na mimi nikaupa. Afu nalala. Akasema tindikali ya tumbo inapanda inachoma koo, ongeza na wasiwasi unaokubana misuli ya shingo, ndo tonge lenyewe. Nikaacha kula usiku wa manane, nikainua kichwani kwa kitanda na vipande vya mbao, ndani ya wiki tatu nikasahau kama kuna koo.

Lakini akanipa na mpaka, na huu naomba uchukue. Kidonda mdomoni ambacho wiki ya tatu inafika hakijapona, kiume kisiume. Baka jeupe au jekundu ambalo ukilifuta halifutiki. Uvimbe shingoni. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu. Chakula kinachokwama kweli, leo ugali kesho mpaka uji. Hivyo usijiambie ni vya kuacha sigara tu, unaenda hospitali na unawaambia ulivuta miaka mingapi, usifiche. Hatari ya kansa ya mdomo na koo haiondoki siku unayotupa pakiti, inashuka taratibu, ni kama miaka 5 mpaka 10 ndo inafika nusu.

Fizi zilikuja mwisho, mwezi wa pili, nikapiga mswaki nikatema damu. Mimi! Ambaye nlikua najisifu sijawahi kutoa damu mswakini. Mtaalamu wa meno akasema ndo zilikuwa zinaumwa siku zote, ila nikotini inabana mishipa midogo ya damu kwa hiyo fizi inaoza kimya kimya bila kutoa damu, ukiacha damu inarudi na fizi inasema. Akanikwangua ugaga uliokuwa umejijenga nyuma ya meno ya chini kama simenti. Ilitoka vipande. Sitaelezea zaidi ya hapo, watu wanakula.

Kuna mazuri pia, ya haraka haraka. Siku chache tu ulimi ukaamka. Nikamwambia mke wangu mboga imezidi chumvi, akaniangalia kwa muda mrefu akasema miaka yote ni wewe ulikuwa unaniambia niongeze. Na pua nayo ikaamka, nikapanda kwenye haisi yangu mwenyewe nikauliza nani kavuta humu. Ilikuwa ni mimi, kwenye vitambaa vya siti, kwenye dari, miaka yote. Abiria wa Mbalizi poleni sana.

Kitu kimoja tu sijarudishiwa. Mwezi wa tisa mazoezini tunapasha sauti, tunashuka, tunashuka, nikafika pale pangu pa chini kabisa pa kutetemesha benchi, nikafungua mdomo ikatoka hewa. Nikajaribu tena, hewa. Mwalimu wa kwaya akanisimamisha peke yangu. Baadae nikaelewa kwamba moshi ulikuwa umevimbisha nyuzi za sauti, zikivimba zinakuwa nzito na sauti inashuka, na uvimbe ukipungua sauti inapanda kurudi kwake. Ile besi watu waliyokuwa wanaisifia haikuwa yangu.

"Kaka," mwalimu akaniambia, "hamia sauti ya tatu."

Niko sauti ya tatu sasa, nimesimama na vijana wa form four, nafika noti ambazo sikujua kama ninazo na pumzi inanitosha mpaka mwisho wa mstari. Nafasi yangu kwenye sauti ya nne kachukua kijana mmoja fundi bodaboda, ana besi nzito balaa, wote tunamgeukia akianza.

Anakuja mazoezini akiwa anatafuna bigijii.